Mkanda Uliomkwaruza Olinka Shingoni

Mke wangu Olinka ni rubani. Kijijini kwetu, huku kaskazini ya mbali kwenye theluji, hakuna barabara, kuna mto na kuna ndege. Kila wiki ya kiangazi huwapelekea wazazi wake unga, chai na nyavu kwenye kambi yao ya samaki. Ndege yetu ni ndogo, ina viti viwili tu, na yeye hukaa kiti cha mbele. Mimi nafundisha shule na sijui kurusha hata tiara.

Mwezi wa Juni alianza kurudi na alama nyekundu shingoni.

"Mkanda wa mabega unanikata," alisema.

"Basi ulegeze."

"Nikiulegeza unateleza."

Nikamzungushia taulo kwenye mkanda. Ikawa joto, na alama ikabaki palepale. Shemeji yangu Evon akasema akalie mto. Mto ukabonyea, mkanda ukalegea, akaurusha nje. Mwingine akasema ndege ina kasoro. Mwingine akasema Olinka ndiye mwenye kasoro. Kila mtu alikuwa na dawa yake, na hakuna iliyotibu.

Kisha likaja la kunichanganya kabisa. Jumapili moja, baada ya ibada, nilimkalisha kwenye ndege ikiwa imesimama. Nikamfunga mikanda yote kwa mkono wangu. Ikakaa vizuri, haikugusa shingo.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Hapana," akajibu, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Sasa angani inauma vipi na hapa haiumi?"

"Kwani mimi najua?"

"Labda hupendi tu kufungwa, Mama Katya."

Nilikosea kusema vile. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiti kile sikuwahi kukikalia hewani. Olinka alifungua mikanda akashuka. Kesho yake aliruka na mkanda wa kiunoni peke yake. Mikanda ya mabega alikuwa ameichomeka nyuma ya kiti.

Tangu hapo niliogopa. Niliogopa kila alipoondoka na kila nilipousikia mlio wa injini ukirudi. Ila nikisema tunagombana, nikinyamaza silali.

Jirani yetu Agrafina ni fundi wa ndege mwenye leseni. Alipokuja kubadilisha oili, nilimweleza yote. Hakugusa mkanda. Alikaa juu ya pipa akanywa chai.

"Anaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi."

"Vizuri. Mwache apande kama siku zote. Usimsaidie."

Olinka akaja, kavaa qaspeq yake, lile vazi la kitambaa lenye kofia mgongoni na mfuko mpana tumboni. Akapanda. Agrafina akamwomba afunge mikanda yote, injini ikiwa imezimwa. Akafunga. Mkanda ule ule ukaparamia shingo.

"Dada, una nini mfukoni?" Agrafina akauliza.

"Vitu vyangu tu."

"Vitoe."

Ikatoka koleo ya kukatia waya. Ikatoka tochi, glavu, utepe wa kubandikia, simu, na kifurushi cha samaki mkavu. Ikatoka chupa ya chai.

"Huu ni mfuko au duka?" Agrafina akacheka. "Jumapili ulikuwa navyo?"

"Nitakwendaje kanisani na koleo?"

Agrafina akaweka kidole kwenye mkanda wa kiunoni. "Tazameni. Huu unatakiwa ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga. Wewe umeupitisha juu ya duka lako, kwa hiyo uko tumboni. Halafu unavuta ya mabega ili ujisikie imara. Ya mabega inainua kifungo mpaka mbavuni, na huku juu inasogea shingoni. Kofia nayo imekunjamana chini yake."

"Kwani wa kiunoni peke yake hautoshi?" Olinka akauliza.

"Utakushika makalio. Kichwa kitaendelea na safari mpaka kwenye vile vyuma vya mbele yako."

Hakuna aliyecheka. Agrafina akamwelekeza taratibu. Mfuko uwe mtupu. Kofia itolewe chini ya mkanda. Mkanda wa kiunoni ufungwe kwanza, chini, ukazwe. Ya mabega ifuate, ikae katikati ya bega, ikazwe bila kuinua kifungo.

"Sasa nyoosha mkono. Unafika kwenye swichi ya mafuta?"

"Nafika."

"Shingo?"

Olinka akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. "Haigusi."

"Ukitaka raha zaidi nitakuvishia mkanda ngozi laini ya kondoo. Ila mto wa kubonyea usirudi. Na wewe mwalimu, ukijisikia kutoboa tundu kwenye ndege uhamishe mkanda, niite kwanza. Hiyo ni kazi ya fundi."

Vitu vya mfukoni vikaingia kwenye begi, na begi likafungwa imara nyuma ya kiti ili lisiruke. Kiangazi chote sikuiona tena ile alama.

Mwezi wa Septemba alikwenda kuchukua nyama ya yule mnyama mkubwa wa misitu ya kwetu mwenye pembe pana, aliyepigwa risasi na baba mkwe wangu. Alitua kwenye changarawe ya ukingo wa mto, gurudumu likazama kwenye mchanga laini, na ndege ikasimama kwa pua. Redio ilituletea habari nusu: ndege imeanguka. Hawakusema kuhusu rubani. Evon aliendesha mashua, nami nililia njia nzima bila kuona haya.

Tulimkuta amekaa juu ya gogo, anatafuna samaki mkavu kutoka kwenye begi lake. Alivuta ukosi wa qaspeq akanionyesha mabega. Kila bega lilikuwa na mchirizi wa buluu, mpana kama mkanda.

"Na shingo?" nikauliza.

"Shingo haina kitu."

Nilichungulia kwenye ndege. Vile vyuma vya mbele ya kiti chake vilikuwa safi, havikuguswa na kitu. Nikarudi nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya ile Jumapili.

"Radhi baadaye," Olinka akasema. "Shika mkia huo, tuishushe."