Cherehani ya Pili

Mgeni aligonga mlango ulio wazi mara moja tu, na kabla hajajibiwa akawa tayari yuko ndani. Alikuwa kijana mwenye mkoba mgongoni na karatasi mkononi. Alimkuta binti wa fundi cherehani akishona vifungo, kama afanyavyo kila siku atokapo shule. Mtaani walimwita Sindano kwa wembamba wake.

"Shikamoo," alisema Sindano. "Mama amepeleka sare za watu."

"Marahaba. Mimi ni afisa mikopo. Nimekuja kuona kazi yenu kabla hatujatoa mkopo."

Moyo wa Sindano uliruka. Mama yake na wanawake wengine wanne walikuwa wameunda kikundi, kila mmoja akimdhamini mwenzake, kwa kuwa hakuna hata mmoja mwenye nyumba wala shamba la kuweka rehani. Mkopo ungemnunulia mama cherehani nyingine, aache kukataa kazi kila mwezi. Lakini Sindano alikuwa amesikia shuleni kwamba mikopo hupewa wenye vitu.

Siku hiyo chumbani mlikuwa na cherehani mbili. Moja ya mama. Nyingine ya jirani, mshona mikoba, mwanakikundi mwenzake, aliyeileta itiwe mafuta na kubadilishwa mkanda.

"Zote zenu?" aliuliza afisa.

"Zetu zote," alijibu Sindano bila kupepesa macho.

Afisa akainama, akanakili namba iliyochongwa ubavuni mwa kila moja, akaenda zake.

Mama aliporudi, hata maji hajamaliza kunywa, jirani akaingia akihema.

"Shoga, umeniumbua! Yule kijana wa mikopo kaja kwangu, nimemwambia cherehani yangu iko kwako kwa matengenezo, nikamtolea na risiti yenye namba yake. Kumbe namba hiyohiyo keshaiandika kuwa yako! Anasema sisi matapeli. Tumesimamishwa miezi sita, wote watano!"

"Mimi? Hata sijamwona!"

Macho yao yakamgeukia Sindano. Machozi yakamlengalenga.

"Nilitaka tuonekane tunazo."

"Mwembamba hivyo, uongo wote huo uliuweka wapi?" alisema jirani. Kisha akashusha sauti. "Shoga, wakiambiwa ukweli, utatolewa wewe, sisi wanne tubaki. Ndiyo sheria yao. Sikulazimishi."

Mama alikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa, akakikunjua, akakikunja tena. 

"Mama mkubwa," alisema Sindano akimgeukia jirani, "kesho nitakwenda kusema mwenyewe. Nakuahidi."

Kesho yake alisimama mbele ya meza ya afisa, mama yake nyuma yake. Alieleza yote.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Kwa sababu tunayo moja tu."

Afisa aliweka kalamu chini. "Moja ingetosha, mdogo wangu. Mkopo huu ni wa wenye moja."

 Sindano hakuthubutu kugeuka kumtazama mama.

"Sikiliza," aliendelea afisa kwa upole. "Ukiandika maelezo haya, mama yako anatoka kwa mwaka mzima, na wenzake wanapata mkopo. Usipoandika, mtangoja wote miezi sita, kisha mtaomba upya, na yeye akiwemo."

Miezi sita! Ni nani angemlaumu asipoandika? Sindano akamgeukia mama yake.

"Mwanangu," mama alisema, sauti ikimkwaruza, "watu kama sisi hatuna cha kuweka mezani isipokuwa neno letu. Ndilo tunalokopeshewa. Jana ulilichafua langu na la wenzangu wanne, na wao hawakukukosea kitu. Mimi nimeumia, sikufichi. Lakini umemwahidi mtu. Andika."

Sindano akachukua kalamu. Aliandika polepole, kila herufi ikisomeka, kisha akatia jina lake chini. Afisa akavuta orodha ya kikundi, akapiga mstari juu ya jina la mama yake. Yakabaki majina manne.