Pikapu Niliyoilipa kwa Jina la Kompadre

Nilikuwa nimepiga magoti bafuni kwa watu, nabandika marumaru, niliposikia minyororo nje.

Nikatoka na mwiko mkononi.

Pikapu yangu ilikuwa inapandishwa juu ya gari la kuvutia magari!

"Bwana! Hiyo ni yangu!"

Dereva akatazama simu yake. "Wewe ndiye Adalberto Menjívar?"

Nikaenda kushika mlango wa pikapu.

Jamani, ngoja niwaeleze. Adalberto ni kompadre wangu, ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo. Kwetu Wasalvador hapa Houston, kompadre ni zaidi ya ndugu. Yeye ana uraia. Mimi nina kibali cha muda cha kuishi hapa, kinachoongezwa kila baada ya mwaka na nusu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Kwa hiyo mkopo wa gari ulichukuliwa kwa jina lake. Rejesho, bima, mafuta, vyote mimi. Kila mwezi nampa pesa taslimu, naye anailipa kampuni ya mikopo.

"Nitoe basi vifaa vyangu."

"Fanya haraka, babu. Na mimi nimetumwa tu."

Nikatoa nilichoweza kubeba. Kisha nikampigia Beto, ndivyo ninavyomwita Adalberto. Sikatai, wazo baya lilikuwa limeshanijia: amekula pesa yangu.

"Kompadre, wamechukua gari. Mwezi huu ulilipa?"

"Nimelipa! Lini niliwahi kuacha?"

"Sasa mbona..."

"Nikuulize wewe, Cheyo! Wamenipigia asubuhi. Eti nimewadanganya, gari si langu, wanataka deni lote kwa mkupuo! Nani kawaambia?!"

Nikaketi juu ya vifaa vyangu, maana nilimjua aliyewaambia.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kampuni hiyohiyo ya mkopo wa gari. Beto alikuwa anatafuta mkopo wa nyumba, na deni la pikapu lilikuwa linamkalia shingoni. Nikataka nikope kwa jina langu, nilifute lile lake. Sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

Sheria ya mikopo nilishaisoma mwenyewe maktabani, polepole, na kamusi pembeni. Inakataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya taifa alikotoka. Nikamweleza ofisa wa mikopo, binti anaitwa Yessenia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa jina langu la heshima, si Cheyo la nyumbani.

"Don Eliseo, hatukunyimi kwa ulikotoka. Ila sheria hiyohiyo inaturuhusu kuangalia kibali. Chako kinaisha Septemba. Hapa wanataka kiwe na miaka miwili mbele."

"Binti, kibali chetu hakijawahi kuwa na miaka miwili. Hata siku kinapotoka!"

"Najua. Baba yangu anacho hichohicho."

"Na kazi yote niliyofanya nchi hii?"

"Kompyuta haikujui, Don. Inaonyesha hujawahi kulipa mkopo wowote."

Hilo likanichoma. Mimi?! Sijawahi kulipa?

"Tazama nje," nikamwambia. "Ile pikapu nyekundu. Imeandikwa Adalberto Menjívar, lakini anayeilipa ni mimi. Sijachelewa hata mara moja!"

Akaacha kuchapa.

"Ay, Don Eliseo... kwa nini umeniambia?"

Kumbe kukopa kwa jina lako kwa ajili ya mtu mwingine, kwao ni udanganyifu. Na mezani pake kila neno hurekodiwa. Simlaumu. Ana mkate wake wa kulinda.

Nikamweleza Beto yote. Nikamsikia mkewe akiuliza kwa mbali, "Anasemaje? Beto, anasemaje huyo?"

"Jumatatu nilikuwa niende kusaini mkataba wa nyumba," akasema. "Watu wa mkopo wa nyumba nao wamenipigia. Imekwisha."

"Kompadre, nilitaka..."

"Niite Adalberto."

Akakata.

Ndugu zangu mnaosoma, nilidhani nikiusema ukweli nitahesabiwa mtu. Sheria ililinda nilikozaliwa, haikulinda karatasi ninayoishi nayo. Na ukweli wangu haukuwa wangu peke yangu. Kabla hujajitetea mbele ya mwenye nguvu, angalia nani amesimama nyuma yako, maana pigo likikukosa litampata yeye.

Nimejaribu kumpigia tena. Hapokei.

Nikarudi bafuni. Gundi ya saruji ilikuwa imeganda kwenye ndoo, na nusu ya sakafu bado tupu. Mwenye nyumba akachungulia.

"Utamaliza leo?"

"Kesho, mama."

Nikaosha mwiko. Kesho nitafikaje, sijui.