Diski Nyeusi ya Akiba

Akitoka shule, Maylín hakuingia ndani kwanza. Alilitupa begi barazani, akakwea ngazi ya chuma na sketi yake ya sare, ile ya rangi ya haradali, mpaka juu ya paa la zege. Huko alikagua nyaya. Zilianzia nyumba ya jirani, kwa mjomba wake Rigo, zikavuka mapaa, matangi ya maji na kamba za nguo, zikaingia kila nyumba ya mtaa. Njiwa walizikalia, paka walizitafuna. Kazi ya Maylín ilikuwa kuhakikisha hakuna uliokatika.

"Waya wa kwa Doña Fela umelegea," alisema kwa sauti kutoka juu.

"Ufunge kwa mpira," mjomba Rigo alijibu toka uani. "Usiufunge ovyo kama juzi."

"Juzi nilikuwa na njaa."

"Na leo?"

"Leo nina njaa na hekima."

Mjomba Rigo alicheka. Maylín alikipenda sana kicheko hicho. Alikihesabu kuwa mali yake.

Katika mji wa Camajuaní, mtandao wa dunia ulikuwa ghali, na ulipatikana kwa kukaa kwenye bustani ya mji simu mkononi. Kwa hiyo mtaa ulijitengenezea mtandao wake wenyewe. Kompyuta moja kuukuu, waliyoiita seva, ilikaa sebuleni kwa Rigo chini ya kitambaa cha kufuma, na watu wote wa mtaa waliongea kupitia kwayo. Mwenye dawa ya pumu alitafuta mwenye dawa ya presha wabadilishane. Aliyepotelewa na nguruwe aliuliza nani kamwona. Lakini chumba cha gumzo kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa chumba cha mashairi, na mfalme wake alikuwa babu yake Maylín, mzee Evelio, aliyeweza kutunga ubeti wa mistari kumi papo kwa papo huku akimenya ndizi.

Mzee Evelio alifariki mwezi wa Januari. Sauti yake, aliyoirekodi kwenye chumba hicho, ilibaki ndani ya seva, na haikuwako mahali pengine popote. Kila alasiri Bibi Caridad aliketi na sinia la maharage meusi, akachambua mawe huku akimsikiliza mumewe kwenye simu. Wakati mwingine alimjibu.

Ijumaa hiyo Rigo aliwaita Maylín na Yarisbel sebuleni. Yarisbel alikuwa amehamia mtaani mwaka huo huo, yeye na mama yake muuguzi. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mzito wa kujibu. Ukimuuliza saa, alitazama saa mara mbili kabla ya kukuambia.

"Programu ya gumzo imezeeka," Rigo alisema. "Ina tundu. Mtu mjanja anaweza kuingia kwa jina la mwenzake akatukana watu. Toleo jipya limeziba hilo tundu. Sisi tuko toleo la tatu, jipya ni la tano."

"Tuliweke leo," alisema Maylín. "Tunaruka tu, tatu mpaka tano. Naweza kabla ya chakula."

"Hairuki," alisema Yarisbel polepole. "Nimesoma maelekezo. Toleo la nne linapanga upya ghala la ujumbe. La tano linatarajia kulikuta ghala limeshapangwa. Ukiruka, halitaelewa kitu."

Rigo alimgeukia Yarisbel, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umesikia? Ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Yarisbel, Jumapili asubuhi utakaa wewe kwenye kiti. Mimi nitasimama nyuma yako."

"Sawa, mjomba," alisema Yarisbel.

Mjomba. Neno hilo lilimwingia Maylín kama mwiba wa samaki kooni. Nyaya nani alizibeba? Nani aliunguzwa na jua juu ya mapaa? Leo mgeni amekuja na vidole safi, amepewa kiti, na mjomba naye kamchukua.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe utatunza nakala ya akiba. Yarisbel atanakili kila kitu kwenye diski hii nyeusi, nawe utakaa nayo nyumbani kwenu. Nakala haikai nyumba moja na kitu chenyewe. Nyumba ikiungua, vinaungua vyote."

"Kwa hiyo mimi ni kabati."

"Wewe ni benki," alisema Rigo. Alicheka. Safari hii Maylín hakukipenda kicheko chake.

Jioni hiyo Yarisbel alimkabidhi diski. "Ishike vizuri," alimwambia.

"Nimeshika vitu tangu hujajua mtaa huu uko wapi," alijibu Maylín, akaondoka. Alipofika nyumbani aliitupa juu ya televisheni, wala hakumwambia mtu ni ya nini.

Jumamosi mchana alirudi kutoka sokoni na mfuko wa mihogo, akamkuta mama yake, Idalmis, ameweka miguu juu ya kigoda, anatazama tamthilia mpya huku machozi yanamlengalenga.

"Umeipata wapi hiyo?" aliuliza Maylín.

"Nelsito kapita na kifurushi cha wiki. Diski yetu imekufa, nikampa hiyo nyeusi. Kajaza tamthilia yote, mpaka mwisho. Kaa uone, huyu mwanamke hajui kwamba daktari ni ndugu yake."

Mihogo ilimponyoka Maylín. Nelsito alipita na baiskeli kila wiki, akawajazia watu diski zao filamu, nyimbo na tamthilia.

"Mama, kulikuwa na vitu humo."

"Kulikuwa na takataka, majina yake kama namba za magari. Nelsito kaniuliza, nikamwambia futa. Vilikuwa vyako?"

Maylín alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi. Seva ilikuwa nzima, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Angekimbia kwa Rigo, wangenakili upya kabla ya usiku, na yangeisha kwa mama kutaniwa.

Lakini wivu una hesabu zake. Nikisema, aliwaza, watasema benki imeibiwa, na Yarisbel atanitazama kwa macho yake yale ya pole. Nisiposema, huenda kusiharibike kitu, na hakuna atakayejua. Na kikiharibika? Basi mjomba ataona ni nani aliyekuwa kwenye kiti.

"Hapana," alimwambia mama yake. "Havikuwa vyangu."

Akaketi akatazama tamthilia. Hakuelewa hata neno moja.

Jumapili asubuhi Rigo alitangaza kwenye gumzo kwamba seva inafungwa, mtu asishangae. Kisha akaizima huduma, akakivuta kiti. Yarisbel aliketi, akayaweka maelekezo yake kando ya kibodi, akageuka.

"Maylín, diski ipo?"

"Ipo," alisema Maylín, akaiweka mezani. Ilikuwepo kweli.

Kidato cha kwanza kilipandwa salama. Toleo la nne liliingia, ghala likapangwa upya, na Yarisbel hakusonga mbele mpaka alipotuma ujumbe wa majaribio, akafungua picha, akasikiliza shairi moja.

"Unachelewesha," alisema Maylín.

"Najua," alisema Yarisbel, akasikiliza la pili.

Kisha akaanza la tano. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo. Ulikuwa haujafika katikati pale feni ilipopunguza mwendo, ikasita, ikasimama. Kioo kikawa cheusi. Nje, kwenye meza ya domino, wanaume waliguna kwa pamoja kama watu waliozoea.

"Na leo si zamu yetu kukatiwa umeme," alisema Rigo. Betri ya kuishikilia kompyuta ilikuwa imekufa zamani, na mpya haikupatikana. Wakasubiri. Umeme uliporudi, seva iliwaka, ikaandika maneno mekundu, ikagoma. Yarisbel alijaribu tena. Maneno yale yale.

"Ghala limevunjika katikati," alisema. Akaanza kulia. "Nimeliharibu."

"Hujaharibu kitu," alisema Rigo. "Umeme ndio ulioharibu. Na ndiyo maana tuna nakala. Maylín, nipe diski."

Wakati huo Bibi Caridad aliingia na vikombe vya kahawa kwenye sinia. "Nawaletea nguvu," alisema. "Halafu mniambie, Evelio mnamwachilia saa ngapi? Maharage yananingoja."

Maylín aliishika diski. Alijua kitakachofuata. Rigo angeifungua, angekuta tamthilia, na kila mtu angedhani Yarisbel alikosea diski wakati wa kunakili. Yarisbel mwenyewe angeamini. Alikuwa tayari analia kwa kosa la umeme. Hili la pili angelibeba bila kuuliza. Ndilo Maylín alilolitaka jana. Leo, akimtazama bibi yake amesimama na vikombe, aliona kwamba ili Yarisbel aanguke, babu alipaswa kunyamaza milele.

"Haimo," alisema.

"Nini haimo?" aliuliza Rigo.

"Nakala. Mama alimpa Nelsito diski, akaifuta. Yarisbel alinakili sawasawa. Mimi nilijua jana, nikanyamaza."

Bibi Caridad aliweka sinia mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Jana ulijua," alisema Yarisbel.

"Jana mchana."

"Na asubuhi nimekuuliza."

"Uliniuliza kama ipo."

"Maylín," alisema Rigo, na jina hilo peke yake lilikuwa kipigo.

Yarisbel alisimama akatoka. Maylín alidhani amekwenda kulia kwao, akaona ana haki. Alikaa sakafuni kando ya miguu ya bibi yake. Bibi hakumgusa, wala hakumfukuza.

Mlango ulifunguliwa tena. Yarisbel alikuwa amekumbatia kompyuta ndogo ya mama yake, ile ya mapajani, kifuniko chake kimeshikizwa kwa plasta ya hospitali.

"Maelekezo yanasema nakala usiyojaribu kuifungua si nakala, ni matumaini," alisema. "Kwa hiyo Ijumaa, kabla sijakupa diski, niliifungulia humu. Nikapanda vidato vyote viwili kwa mazoezi. Seva ndogo imo humu, inafanya kazi."

Rigo alijishika kichwa. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, watu wangenicheka kwamba ninarudia rudia kila kitu." Hakumtazama Maylín. "Lakini haina nafasi kubwa. Nilichukua maandishi na sauti. Picha hazikuenea. Na ujumbe wote wa jana haumo."

Maylín alielewa. Karibu picha zote zilikuwa zake. Alikuwa ameipiga picha sherehe yote ya mji ya mwezi wa Machi akiwa juu ya mapaa, mtaa wa Mbuzi ukishindana na mtaa wa Vyura, magari ya mapambo yakipita chini, fataki juu. Mtaa mzima ulimsifu kwa picha hizo.

"Sauti zimo?" aliuliza.

"Zote."

"Basi picha ziache," alisema Maylín. Akainuka, akaibeba kompyuta ile, akatafuta waya mzuri kuliko wote aliokuwa nao.

Safari hii, kabla ya kugusa seva, waliazima betri ya pikipiki ya jirani, Rigo akaiunga. Yarisbel alisoma kila hatua kwa sauti, Maylín, kwenye kibodi, akairudia kabla hajaandika. Alasiri maneno mekundu yalitoweka, na gumzo likafunguka katika toleo la tano.

"Aliyefunga mlango kwa kunyamaza, aufungue kwa kusema," alisema Rigo. Maylín akaandika kwenye chumba cha watu wote: picha zimepotea pamoja na ujumbe wa Jumamosi, kosa ni langu, Yarisbel ndiye aliyeokoa yaliyobaki. Doña Fela alikuwa wa kwanza kujibu: "Mtoto umefanya vibaya sana. Na waya wangu bado umelegea."

Bibi Caridad alichukua simu, akapekua, akachagua. Sauti ya mzee Evelio ilijaza sebule, na nyuma yake jogoo akiwika:

*Jogoo wa kwa jirani*
*sauti yake dhahabu,*
*wangu apata taabu*
*akimsikia ndani.*
*Hali punje ya sahani,*
*usiku amnunia,*
*asubuhi asinzia.*
*Wivu hula bwana wake,*
*wamnyima zamu yake,*
*jua likimwangalia.*

Rigo alicheka kwa sauti. Maylín aliinamisha uso.

"Usidhani alikuimbia wewe," Bibi Caridad alimwambia. "Ulikuwa hujazaliwa alipolitunga. Alijiimbia mwenyewe. Kulikuwa na malenga mmoja kule Remedios, Chano, aliyemshinda kila mwaka. Babu yako alinuna, akaacha kuimba msimu mzima. Watu hawakumkosa Chano msimu ule, mjukuu wangu. Walimkosa Evelio."

Mama Idalmis, aliyekuwa ameichukua diski nyeusi mchana aliposikia habari, aliirudisha mezani. Alikuwa ameifuta tamthilia yote kabla hajajua kama daktari alimwoa dada yake. Juu ya diski, kwa rangi ya kucha, aliandika kwa herufi kubwa: SI TAMTHILIA.

"Sasa sikilizeni nyote wawili," alisema Rigo. "Kuanzia leo Yarisbel atanakili, na Maylín ataifungua nakala kwenye mashine nyingine aone kama inafunguka. Wiki ijayo mtabadilishana. Kazi ya mtaa haina mwenyewe wa pekee. Anayemfurahia mwenzake akianguka asisahau kwamba wamepanda ngazi moja. Ikitikisika, inatikisika kwa wote."

Yarisbel alifikiri kidogo, kama kawaida yake. "Nani ataukaza waya wa Doña Fela?" aliuliza.

"Mimi," alisema Maylín. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka. "Njoo nikuonyeshe njia ya kupanda. Kidato cha tatu kimelegea, usikikanyage."