Kinanda Chenye Pumzi

Jumanne ile, jua limeshainama, Nasser alitoka nyumbani kwake Malindi kwenda Darajani kununua kinanda. Mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Laiti angeteguka kifundo njiani akarudi.

Nakwambieni mapema msije mkanilaumu. Humu hamna mganga aliyekuja akasoma, akafukiza, mambo yakatengenea. Mwenye moyo mwepesi na aishie hapa.

Nasser alikuwa mpigaji, mkewe Ummkulthum mwimbaji. Hoteli mpya ya Shangani iliwataka wapige jioni moja, Jumamosi, juu ya paa, na wakipendwa wabaki. Meneja alitoa sharti moja tu: kinanda cha zamani cha Nasser asikione. "Kinalia kama simu," alisema. "Wageni wangu piano wanaijua." Na piano yenyewe, ile ya mbao, ngazi za nyumba zile haipandi hata uikate vipande. Basi ikabidi kitafutwe kinanda cha umeme chenye sauti ya piano ya kweli.

Sauti ya Ummkulthum nyinyi hamkuisikia. Chini nzito, juu ina mkwaruzo kidogo, ule wa kumfanya mtu aache tonge mkononi. Kwenye harusi walimgombania. Na nyumbani ndiyo iliyomlaza Dalal, binti yao wa miezi kumi, mtoto mbishi asiyekubali kubembelezwa na mwengine yeyote, hata bibi yake mzaa baba. Bila ya sauti ile, nyumba ile hailali na haili. Hilo Nasser alilijua vizuri.

Duka la Ami Abrahman liko nyuma ya soko, limejaa mtumba: maspika, magitaa yasiyo nyuzi, vinanda vitatu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, baba. Chagua mwenyewe, mimi masikio yangu yameshachoka."

Nasser si mtu wa kudanganywa na taa za rangi. Alikuwa na mtihani wake. Anabonyeza noti ya chini kabisa, haachii, anasikiliza inavyokufa. Noti ya piano ya kweli huzeeka, ikafifia, ikafa. Ya kinanda cha uongo hufika mahali ikaanza kuzunguka, wau-wau-wau, kama pangaboi bovu. Kinanda cha kwanza kilizunguka. Cha pili hakikuzunguka, lakini ukipapase, ukipige ngumi, kinajibu sauti ile ile.

Cha tatu kilikuwa sakafuni, kimefunikwa blanketi. Jina la kampuni limekwanguliwa kwa kisu.

"Na hiki?"

Ami Abrahman alikuna ndevu. "Hicho... kipo tu. Mwenyewe hakubishana hata bei. Alitaka kimtoke nyumbani."

Nasser akakiwasha. Vitufe themanini na nane, vizito, vinarudi chini ya kidole kama vya mbao. Akabonyeza noti ya chini. Sauti ikatoka, ikasimama, ikaanza kuzeeka. Akahesabu mpaka arubaini. Na ndani yake akasikia mengine... mguu ukiachia pedali, nyundo ikirudi mahali pake. Na mwisho kabisa, noti ilipokwisha, mtu akivuta pumzi.

"Wametia mpaka pumzi ya mpigaji," alisema, uso umemchanua. "Kweli dunia ina mafundi."

Ami Abrahman alimpa hedfoni asikilize vizuri, maana sokoni makelele, kisha akatazama saa yake.

"Magharibi hiyo. Nnakwenda kutia udhu. Nawe usikawie."

"Nakuja, Ami. Dakika mbili."

Sasa sikilizeni kosa lilipo. Wapigaji wa mji huu tunawajua, wamo wacha Mungu na wamo wa chupa, lakini adhana ikiingia wote huondoa mikono. Hata harusini, hata bibi harusi awe katikati ya ukumbi. Nasser tangu utoto wake hajapata kupiga noti juu ya adhana. Lakini hedfoni zile zilikuwa nene. Misikiti yote ya Darajani iliadhini, na yeye hakusikia hata mmoja. Aliendelea kupiga. Na wimbo alioupiga ulikuwa ule wa kumlaza Dalal.

Duka likaanza kuingia kiza. Pakanuka ubani. Alidhani jirani anafukiza.

Pumzi ikavutwa tena. Safari hii karibu, kwenye sikio la kushoto.

Halafu...

"Naasser."

Sauti ya mkewe. Ummkulthum tu ndiye aliyelivuta jina lake hivyo mwanzoni.

Na hili nalo kila mtoto wa Unguja amefundishwa kabla hajajua kuvaa viatu: ukiitwa magharibi na usimuone anayekuita, nyamaza. Ngoja uitwe ya pili, ngoja uitwe ya tatu. Kisichokuwa mtu hakifiki mara tatu. Nasser alilijua, lakini mtu akiitwa na mkewe hahesabu.

"Naam," akaitika.

Akavua hedfoni, akageuka. Mlangoni hapana mtu. Nje adhana ndiyo kwanza inamalizikia. Akatoa simu, akampigia mkewe.

"Umekuja Darajani?"

"Mimi? Nnamuogesha mtoto." Akakohoa. "Kwani nini?"

"Hukuniita?"

"Sikukuita. Njoo nyumbani, koo linaniwasha."

Hapo ndipo mtu mwenye akili anapokiacha kinanda sakafuni na blanketi lake. Nasser alikichukua. Mpigaji akishaipata sauti aliyoitafuta miaka, huwezi kumwambia kitu.

Jumatano walifanya mazoezi. Ummkulthum alipofika pale pa juu, sauti haikupanda. Akanywa maji ya tangawizi na asali, akajaribu tena, ikakatika. Alhamisi daktari alimulika koo, akasema ni safi, halina hata wekundu. Jioni ile Dalal alilia saa nzima, maana alichokuwa akiimbiwa ni mnong'ono tu.

Nasser alikaa kwenye kinanda ajipoze. Akapiga noti za juu. Zilikuwa tamu kupita juzi. Zilikuwa na... mkwaruzo kidogo.

Ummkulthum alisikia kabla yake. Alikaa kitandani polepole, mtoto begani.

"Nasser," alinong'ona. "Hiyo ni mimi."

Dalal alikuwa amenyamaza. Alikikodolea macho kinanda.

Alfajiri ya Ijumaa Nasser alimgongea Ami Abrahman mlango, akamwomba jina la aliyekileta. Mzee alimtajia bila ya kumtazama usoni: Silima, wa Jambiani, akipigia watalii ufukweni. Baada ya sala ya Ijumaa Nasser aliazima gari, akakipakia kinanda, akenda kukirudisha.

Alimkuta Silima uani, mtu wa makamo, mrefu, anaanika mwani. Pembeni mkewe Mwanaasha alikuwa amekaa chini anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nasser alitoa salamu. Mwanaasha aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Hakutoa sauti.

Silima alilitazama gari, akaona kilichomo nyuma. Uso ulimwanguka.

"Umekileta."

"Nakurudishia. Sitaki chochote."

"Hakirudishiki, bwana." Akapangusa mikono. "Kilikuita?"

"Kiliniita."

"Uliitika?"

"Niliitika."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mimi pia," alisema Silima. "Nilikuwa na hedfoni. Adhana sikuisikia."

Nasser alimkamata mkono. Aliuliza kwa haraka, kimoja kimoja, kila alichokuwa amekiwaza njia nzima. Akiacha kukipiga? Silima alisema aliacha siku ile ile, na haikusaidia. Kukipiga ni kuisikia tu, kuchukuliwa kunaendelea kwenyewe. Siku ya nne ilikwisha yote. Akikivunja?

"Nilinyanyua shoka," alisema Silima. Akamwashiria mkewe kwa kidevu. "Akanishika mkono. Sauti yake imo mle. Alisema... hakusema, alinionesha. Bora iwe mahali kuliko isiwe popote."

"Ni nini kilichomo humo?"

"Sijui. Nilikipeleka kwa mganga Makunduchi. Alikishika, akenda kunawa mikono, akaniambia nisirudi kwake tena."

"Basi kwa nini ukakiuza? Kwa nini ukanipa mimi?"

"Sikukupa wewe," alisema Silima. "Nilishindwa kulala nacho nyumba moja. Nisamehe, ndugu yangu. Nilijua kitakwenda kwa mtu, na nilikiuza."

Nasser alitaka kumpiga. Wallahi alikunja ngumi. Lakini Mwanaasha alikuwa ameshasimama, mikono inachuruzika maji ya chumvi, anaelekea kwenye gari. Alifungua mlango wa nyuma, akakigusa kinanda kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Kisha akamgeukia Nasser, akachezesha vidole hewani. Piga.

Wakakiingiza ndani, wakachomeka waya. Mwanaasha alikaa karibu kabisa, ameegemeza sikio kwenye spika. Nasser alipiga chini, akapiga kati, akapiga juu. Chumba kilijaa sauti ya Ummkulthum. Sasa ilikuwa wazi, na Nasser alikuwa anapiga huku machozi yanamtoka. Mwanaasha alisikiliza, akatafuta, akamwashiria arudie. Akarudia. Mara ya tatu mama yule alijiinua. Alitikisa kichwa mara moja.

Yake haimo tena. Imefunikwa.

Akarudi uani kwenye kamba zake, akakaa, akaendelea kufunga mbegu za mwani. Silima alibaki mlangoni na hakujua pa kuweka mikono.

Hapo Nasser alifahamu alichokuwa nacho. Akikiuza, mwengine ataitika, na Ummkulthum atafunikwa. Akikivunja, huenda akavunja kila kilichobaki cha mkewe. Akaondoka nacho. Wakati wa kuja alikitupa nyuma ya gari bila ya kukijali. Wakati wa kurudi alikiweka kiti cha mbele na kukifunga mkanda.

Jumamosi, siku ya nne, walikwenda Shangani. Ummkulthum mwenyewe alitaka. Alijifunga kilemba cha kijani, akasimama mbele ya wageni, mji mzima chini yao. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa upepo tu, ukatoka mara mbili, mara ya tatu hata upepo haukutoka. Alifunga mdomo taratibu, akarudi nyuma, akakaa. Nasser mikono ilikuwa imeshaanza na haikuweza kusimama. Wageni walilia. Mzungu mmoja mzee alivua kofia. Walipomaliza, meneja alimshika Nasser mikono yote miwili.

"Hii ndiyo piano," alisema. "Kuanzia kesho njoo. Wewe peke yako unatosha."

Na akenda, jioni baada ya jioni. Afanye nini? Nyumba ilitaka kula. Mchana mkewe alipika, alifua, alisuka nywele za mtoto, kimya. Majirani walimletea dua na makombe ya aya ya kunywa, wakasoma, wakachoka, wakapunguza kuja. Wanasema amerogwa na mwimbaji mwenzake. Wengine wanasema ni maradhi ya mishipa. Mimi sibishani na mtu.

Dalal ndiye aliyewashinda. Usingizi ukimjia alilia mpaka anabadilika rangi. Ummkulthum alimpakata, akamtikisa, akambusu, akamfungulia mdomo usio na kitu, na mtoto alimsukuma. Ikambidi Nasser apige. Akipiga, analala.

Miezi miwili ikapita hivyo. Asubuhi moja ya Jumapili walikuwa chumbani wote watatu, jua limeingia kwenye mkeka. Dalal alishika ukingo wa kitanda, akasimama peke yake. Nasser aliuzuia mkono wake usimsaidie. Ummkulthum alipiga magoti upande wa pili wa mkeka, akanyoosha mikono, uso wake wote unamwita mwanawe kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki kumwitia. Mtoto akaachia kitanda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ummkulthum alikuwa anacheka bila ya sauti.

Dalal akampita.

Alikwenda akiyumba mpaka kwenye kinanda. Kilikuwa kimezimwa, waya wake umelala sakafuni. Akavikumbatia vitufe kwa mikono miwili, akalaza shavu juu yake, akafumba macho.

"Mama," akakiambia. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Ummkulthum alibaki amenyoosha mikono kwa muda. Halafu akaishusha.