Mgeni wa Sahani ya Ndizi

Kipepeo hana meno, wajukuu zangu. Ana kimrija chembamba kama uzi, anakichomeka kwenye kitu kitamu, anafyonza, anakwenda zake. Ukimwekea ndizi kwenye sahani, ukirudi jioni utazikuta ndizi zako zipo, zimekauka tu juu. Sasa msusi mmoja aliwatengea vipepeo sahani ya ndizi juu ya kisiki, aliporudi akaikuta nyeupe. Imelambwa inang'aa, utadhani imesuguliwa kwa sabuni.

"Nyani hao," mumewe akasema.

"Nyani wa wapi kwenye bustani ya maua katikati ya mji?"

"Basi mbwa."

Dada wa yule mume, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidomo kwa vile mdomo wake haukujua likizo, akaangua kicheko. "Wifi yangu, mbwa gani anakula ndizi zilizochacha? Muulize mumeo. Kaka yangu huyu tangu mdogo akila cha watu anatafuta wa kumsingizia."

Wakacheka, wakaingia garini, wakaondoka. Ndivyo ilivyoanza, kwa kicheko.

Msusi alipenda vipepeo toka utoto. Na wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo liko mbele kabisa, mimba ya kwanza waliyoingoja mpaka majirani wakachoka kuuliza. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Akaomba ruhusa kazini, akaazima gari dogo la rafiki yake, akamwambia mkewe, "Njoo nikutembeze kabla hujaanza kulea." Bustani kwa bustani, hifadhi kwa hifadhi, kazi yao kuangalia vipepeo tu. Kidomo akajipakia kiti cha nyuma. Hakuna aliyemwita.

Wanaoangalia vipepeo wana chambo chao. Wanaponda ndizi mbivu na sukari, wanaziacha kwenye kopo juani mpaka zichache zitoe povu, wanazitenga kwenye sahani, halafu wanakaa mbali kimya. Msusi alifanya yote hayo isipokuwa kukaa kimya. Mama yake alimlea kwa adabu, chakula hakitengwi bila neno. Kwa hiyo kila akiweka sahani alisema, "Karibu mgeni, karibu ule." Hakusema mgeni yupi.

Kituo cha pili kilikuwa hifadhi yenye bwawa. Jua la saa sita, kweupe kabisa, maji yanang'aa. Msusi akaweka sahani juu ya jiwe, akakaribisha kama kawaida yake, wakarudi nyuma wakakaa kwenye majani.

Vipepeo walikuja. Wengi jamani, wa manjano, wa buluu, wengine weusi wenye macho kwenye mbawa. Lakini hakutua hata mmoja. Walizunguka sahani kwa mbali, wamejipanga, kama watu wanaompisha mkubwa ale kwanza. Halafu ukasikika ulimi. Ulimi mkubwa, mkavu, unakwangua sahani, krwaa, krwaa, na ndizi zinapungua, zinapungua, na kwenye jiwe hakuna mtu.

"Mke wangu," dereva akanong'ona, "inuka polepole. Usikimbie."

Kidomo alishakimbia.

Garini walifunga vioo vyote. Walipoingia barabara ya lami wakaanza kusikia harufu ya ndizi zilizochacha, na kopo walikuwa wameliacha kule kwenye jiwe. Dereva akatazama kioo cha kati amwone dada yake. Kidomo alikuwa amejibana mlangoni, uso umemsawajika, na ile nafasi iliyobaki pembeni yake, godoro la kiti lilikuwa limebonyea.

"Kaka," akasema, sauti kama ya mtoto, "kuna mtu kakaa hapa."

"Usimguse."

"Simgusi. Yeye ndiye ananigusa."

Msusi akashika tumbo. "Mtoto hachezi," akasema. "Tangu bwawani hachezi."

Wakaenda hivyo, hakuna anayethubutu kusimamisha gari, nyuma kukisikika pumzi ya mtu aliyekula asishibe, na kila pumzi ile ikivutwa gauni la msusi linalegea kidogo tumboni, analivuta kwa vidole, linalegea tena, mpaka Kidomo akaziba macho kwa kanga asiliangalie tumbo la wifi yake, na dereva machozi yakawa yanamtoka huku anabadilisha gia.

Walisimama kwenye nyumba ya wageni, karibu na geti la hifadhi ya msitu. Mwenye nyumba akatoka kuwapokea, akachungulia gari.

"Na huyo mwenzenu mbona hashuki?"

Yule mama akawatazama nyuso, akaelewa. Akawavusha barabara mpaka kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye kikohozi, wakamkuta anapiga pasi mashuka. Hakuiweka pasi chini.

"Nani kamkaribisha?"

"Mimi, mama," msusi akasema. "Nilidhani vipepeo."

"Mfukuze, mama yangu," dereva akadakia. "Sema unataka nini, nitaleta."

"Nimfukuze vipi mtu aliyeitwa kula? Mgeni ukimfukuza na njaa anaondoka na chochote." Akainua pasi kidogo kuelekea tumbo la msusi. "Na macho yake yako hapo." Akakohoa, akafuta mdomo. "Huyo anasindikizwa. Aliyemwita ndiye amsindikize, kwa miguu, mpaka miti inapoanza. Akifika hapo atakuaga. Msikilize, geuka, rudi. Usimjibu. Hata 'haya' usiseme. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Dereva na Kidomo wakabaki getini wameshikana mikono, wanamwangalia anavyokwenda peke yake kwenye kile kinjia, jua bado liko juu, na majani ya kando yake yanalala chini hatua kwa hatua ingawa hakuna anayeyakanyaga, na vipepeo wanatoka msituni wanajipanga huku na huku kumpisha anayepita, maelfu, kimya, mbawa zimefumbwa, mpaka msusi akawa mdogo kwa mbali, akafika kwenye miti, akasimama, akainamisha kichwa kama unavyomsikiliza mtu mfupi.

Alisimama muda mrefu. Kisha akageuka.

Alipofika getini vipepeo walishatawanyika, wengine wametua kwenye maua kama vipepeo wa kawaida. "Anacheza!" akasema, akaukamata mkono wa mumewe akauweka tumboni. "Anapiga teke, shika!" Dereva akashika, akalia kwa sauti, hajali watu. Garini mlikuwa mnanuka petroli tu. Kidomo akaketi katikati ya kiti cha nyuma, akajitanua, mdomo ukamrudia.

"Wifi yangu, mimi ukizaa nakuja na uji wangu mwenyewe. Kwako wewe sili tena."

Wakacheka mpaka wakafika barabara kubwa. Dereva ndiye aliyeuliza.

"Alikuaga?"

"Aliniaga vizuri. Ana adabu, huwezi kuamini. Alishukuru kwa chakula. Akasema na mimi nikaribie kwake."

"Na wewe ukanyamaza."

Msusi akatazama dirishani.

"Mke wangu. Ulinyamaza?"

"Mtu anakukaribisha kwake, baba. Unamnyamazia vipi?"

Gari likaenda pembeni lenyewe, likasimama.

"Nilimwambia ahsante, nitakuja," msusi akasema polepole. "Akauliza, mtakuja wangapi?"

"Ukamwambia nini?"

Akateremsha mkono taratibu, akauweka juu ya tumbo.

"Wawili."