Nilimfundisha Bibi Yangu Kusema Uongo Redioni

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa hapa hapa Kariakoo, nina watoto wawili. Ukinikuta sokoni utanisikia nacheka kuwashinda wote. Usidanganyike! Moyoni nina donda...

Aliyenilea ni bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa muuza vitumbua, mcheshi, mtaa mzima ukimpenda. Lakini sisi wa nyumbani tu ndio tuliojua kwamba utotoni alikamatwa huko Nyasa pamoja na mdogo wake, Nachisale, wakauzwa utumwani Kilwa, kila mmoja kwa bwana wake. Hawakuonana tena. Haikupita siku bibi asimtaje.

Nikaja kuolewa na watu wanaojisikia. Mama mkwe wangu, lo! Kila akikaa ni ukoo, ukoo! Nikamwambia bibi yangu ni mtoto wa waungwana wa Kilwa. Ningefanyaje? Nilimpenda mume wangu.

Basi akaja bwana mmoja wa redio na mashine yake ya kunasa sauti. Alikuwa akiwatafuta wazee wa kawaida, makuli, wapishi, wauza kahawa, wasimulie maisha yao yahifadhiwe, vizazi vije visikie. Bibi alifurahi kama mtoto! Aliniambia, "Mjukuu wangu, huenda Nachisale yu hai. Akisikia atanijia."

Mkwe wangu naye je, akisikia? Nikalia, nikamshika bibi miguu, nikamwambia nitaachwa. Nikamfundisha la kusema, baba yake nani, nyumba yao ya mawe ilikuwaje. Akanitazama sana. Kisha akasema haya, asije akanivunjia nyumba. Siku ya kurekodi nilikaa ubavuni mwake, na kila akisita nilimfinya... Yeye, aliyenibeba mgongoni!

Sauti yake ilipotoka redioni mkwe wangu alipiga vigelegele. Bibi aliingia chumbani, akajifunika khanga gubigubi. Hakumtaja tena Nachisale. Masika hayajesha, tukamzika.

Msibani alikuja bibi kizee mmoja kutoka ng'ambo ya Jangwani, hatumjui. Alisema alimsikia marehemu redioni, na kicheko kile kilikuwa cha mama yake mtupu! Alidhani ni dada yake aliyepotea. "Lakini alisema ni mtoto wa nyumba kubwa ya Kilwa. Nikajiona mjinga, nikakaa kwangu. Leo nimekuja kuhani tu."

Nikamuuliza jina lake la utotoni. Akasema Nachisale.

Mama mkwe alikuwa kakaa pembeni yangu. Nikafanya nini, wasomaji? Nikampakulia mgeni wali, nikanyamaza!

Baada ya arobaini nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata kwake, nikamwambia yote. Hakunitukana... laiti angenitukana! Aliomba tu aisikie tena sauti ya dada yake. Nikampeleka kwa yule bwana wa redio, akatuwekea. Bibi akaanza kuisifu ile nyumba ya mawe, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nachisale akasikiliza kidogo, machozi yakamtoka.

"Zima, baba," akamwambia. "Mimi simo humo."

Baadaye nilimweleza mume wangu. Mnajua alisema nini? Eti angenioa vile vile!

Jamani, nawasihi, wazee wenu wakitaka kusimulia maisha yao, waacheni waseme yalivyokuwa. Msiwafinye! Mimi nilihifadhi ndoa ambayo haikuwa hatarini, na wanangu watakapotaka kumsikia bibi yangu, watausikia uongo wangu.