Nyongeza Iliyolala Kwenye Droo

"Goretti, nyongeza yako ya mshahara niliisaini tangu mwezi wa tatu," alisema Mzee Roshanali, akishangaa. "Nabeel akaniambia umeikataa."

Goretti aliweka chini miwani aliyokuwa akiitengeneza. Ilikuwa Juni 2015, na kibali chake cha kazi kilikuwa kimebakiza siku tisa. Tangu amalize chuo alikuwa fundi katika duka la miwani la mzee huyu mzaliwa wa Mwanza, mtaa wa Agincourt, huko Kanada. Ili abaki Kanada alihitaji barua ya mwajiri, na serikali haikubali barua hiyo mpaka mshahara ufikie ule wanaolipwa mafundi wengine wa mji. Wake ulikuwa chini ya huo kwa dola mbili kwa saa. Kila akiuliza, Nabeel, mtoto wa mzee na mchumba wake, alimjibu kwamba baba ni mgumu kama jiwe. Kisha humbembeleza: tuoane, nikudhamini mimi, yaishe. Goretti alikataa. Hakutaka siku ya harusi yake mtu aseme kafuata makaratasi.

"Mimi, mzee? Nimekataa lini?"

Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa na mwanawe kwamba bibi harusi hahitaji barua, naye akaamini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe Goretti alikuwa ameivaa kwa mapenzi. Alimkuta Nabeel stoo, akamwonyesha kwenye simu ujumbe ambao Nabeel mwenyewe alimwandikia wiki iliyopita: "Dad still says no. Pole sana, babe."

"Fomu ya nyongeza iko wapi?"

Nabeel alivuta droo ya fremu. Fomu ilikuwa chini kabisa, ikiwa na sahihi ya baba yake.

"Niliogopa," alisema. "Ukipata papers zako, utanihitaji for what?"

"Nilikuwa nakupenda, Nabeel. Hukuona?"

"Bado tunaweza. Tuoane Ijumaa, City Hall. Please. Ama unataka kurudi Bukavu?"

Machozi yakamtoka Goretti, maana hapo Nabeel alisema kweli. Hata mzee akiandika barua leo, serikali ingechukua miezi kuikubali, na kibali kilibakiza siku tisa. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, na aliyeifunga mingine ndiye aliyeushika. Tena alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Ijumaa saa ngapi?" aliuliza, bila kumtazama.

Jioni alimpigia mama yake Bukavu. Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

"Kitenge cha harusi nikutafutie cha rangi gani, mwanangu?"

"Yoyote, mama," alisema Goretti. "Yoyote tu."